Mrejesho: Nilikwenda kusahihisha zile saa za kazi

Wapendwa, niliwauliza nifanye nini, kwa kuwa nilikuwa nikiongoza maombi kanisani ilhali kazini nilizoea kujaza kwenye daftari la mahudhurio saa nisizofanya kazi, nikalipwa. Wengi mlinielekeza kwenye Mathayo 5:23-24, ambapo Yesu anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Mmoja wenu aliongeza habari ya Zakayo katika Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, akasema toba isiyogusa mfuko haijakamilika. Neno hilo lilininyima usingizi.

Jumatatu nilimwendea msimamizi wangu na karatasi niliyoorodhesha siku zote nilizozikumbuka. Mkono ulitetemeka nilipomkabidhi. Aliisoma polepole, akaiweka mezani, akauliza kama kuna mwenzangu niliyetaka kumtaja. Nilimjibu kwamba nimekuja kwa ajili ya makosa yangu tu. Nimepewa onyo la maandishi, na fedha hizo zitakatwa kwenye mshahara kwa miezi 6.

Mwenzangu ninayeketi naye, ambaye tulikuwa tukifanya hivyo pamoja, hanisalimii tena, na hilo linaniuma kuliko makato. Mchungaji ameniruhusu kupumzika kuongoza maombi, ila amenisihi nisiache ibada. Kila jioni sasa naitazama saa ya ukutani kabla ya kuandika, na kama natoka dakika 10 mapema, ndivyo ninavyoandika.