Wenye yadi za magari Arusha, acheni kupaka rangi nyeusi juu ya chesisi zilizooza, mtaua watu

Wakuu leo nina hasira na sitaficha. Huu mchezo wa kuchukua pikapu kuukuu ambayo chesisi (ile fremu ya chuma inayobeba gari zima) imeshaliwa na kutu, unachomelea kipande cha bati, puti juu, unapulizia rangi nyeusi chini kote halafu unamwambia mteja "ngoma iko safi hii kaka", ni kuuza kifo na hapa mjini unafanyika mchana kweupe.

Shemeji yangu kauziwa dabo kebini ya hivyo. Juzi anashuka Kibosho na mzigo wa ndizi, anakanyaga breki, pedo inazama mpaka chini. Mungu tu, breki za mbele zikashika kidogo, akarudisha gia na hendibreki mpaka ikasimama. Paipu ya breki ya nyuma, ile ya chuma inayolala kwenye chesisi, imetoboka kwa kutu pale ilipobanwa na klipu, mafuta ya breki yote chini.

Tukaivuta mpaka gereji Unga Limited. Fundi kaingia shimoni na nyundo ndogo anagonga chesisi kuanzia mbele, huko chuma kinalia vizuri, kufika pale springi ya nyuma inaposhikiliwa sauti ikafa kabisa. Akachukua bisibisi akasukuma kwa mkono tu, ikazama mpaka mpini!! Rangi ikabanduka vipande, ndani bati limechomelewa juu ya kutu, hata kukwangua hawajakwangua. Sasa hapo springi ing'oke ukiwa spidi ya barabara kuu pale Tengeru, ekseli inahama, gari inakuvuta upande wa lori linalokuja na nyuma umebeba watu.

Na msiniambie ni uzee wa gari. Nyingi zinatoka nchi za theluji, Uingereza au kaskazini ya Japani, barabara zinamwagiwa chumvi, maji ya chumvi yanaingia ndani ya chesisi maana ni boksi lenye matundu, kutu inaanzia ndani wewe nje huoni kitu. Huku tunaongezea matope, mbolea na mikojo ya ng'ombe, tukienda kuosha tunaosha bodi tu.

Wenzetu hili walilichukulia siriasi. Marekani mwaka 2009 Toyota waliziita zirudi kurekebishwa pikapu zao za Tundra za 2000 mpaka 2003 kwa sababu boriti ya nyuma ya chesisi ilikuwa inaoza, spea tairi inaweza kudondoka barabarani na paipu za breki kukatika. 2016 wakakubali kumaliza kesi ya chesisi kuoza kwa mpaka dola bilioni 3.4, pikapu zao nyingine za Tacoma za 2005 mpaka 2010 zikaingia humo, iliyooza inabadilishwa chesisi nzima, siyo kubandikwa bati. Huku kwetu ukisimamishwa unaulizwa stika na kizimamoto, nani anainama chini?

Jamaa wa yadi tumemrudia anajibu mtumba unauzwa ulivyo. Ulivyo wapi wakati umeuficha kwa rangi? Angeiacha kutu ionekane tungejua tunanunua nini, bei ingekuwa nyingine au tungeondoka zetu.

Mnaotafuta pikapu, ukikuta chini kunang'aa rangi mbichi na juu gari imechoka, usitoe hata shilingi kabla fundi WAKO hajagonga chesisi yote. Muuzaji akikataa kugongwa ondoka.

Picha za bisibisi naweka hapo chini. Kama kuna mtu alirudishiwa hela na yadi kwa kesi ya chesisi aje aseme alipitia wapi, pikapu bado ipo shimoni na hatuichomelei.