Mjadala: Anayeingia leo kwenye muziki wa Queen aanzie kwenye mkusanyiko au kwenye albamu nzima?

Mleta mada, Chumbageni, Tanga

Ndugu zangu, nauleta hapa ubishi ulioshindwa kwisha kwenye baraza letu, kwa sababu naamini unawahusu pia watangazaji wa redio, wenye kumbi na kila anayetaka kumwingiza mwenzake kwenye muziki wa bendi ya kale. Tunakutana Jumamosi jioni kusikiliza muziki, na kila mwezi mmoja wetu huleta bendi ambayo wengine hawajapata kuisikiliza kwa makini. Safari hii zamu ni yangu, nami nimeichagua Queen ya Uingereza. Wenzangu wanaijua kwa mbali tu: wameusikia ule wimbo wa kukanyaga miguu na kupiga makofi unaochezwa viwanjani, na wanajua kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Watatu kati yao wanataka tuanze na *Greatest Hits*, mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma uliotoka mwaka 1981. Mmoja anataka tuanze na onyesho lao la tarehe 13 Julai 1985 kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, London. Mimi nasema mgeni apewe albamu moja, *A Night at the Opera* ya mwaka 1975, aisikilize mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo hata mmoja.

Mkusanyiko ule siudharau. Ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza, na mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huo. Lakini hebu tazameni walioziandika nyimbo 17 za toleo lake la Uingereza: 10 ni za Mercury, 5 ni za mpiga gitaa Brian May, 2 ni za mpiga besi John Deacon, na za mpiga ngoma Roger Taylor hakuna hata moja. Nilikaa miaka miwili nikiamini kwamba Queen ni mwimbaji mmoja hodari na watu watatu wa kumpigia vyombo, kumbe ni bendi ya waandishi wanne, kila mmoja ana namna yake ya kutunga na wengine watatu humfuata. Wimbo wa kwanza wa mkusanyiko ni wa mwaka 1975, wa pili ni wa mwaka 1980, wa tatu unakurudisha mwaka 1974. Msikilizaji mpya hawezi kujua bendi ilikuwa ikitoka wapi na ikienda wapi.

Mwaka jana nilikuwa na safari ya Muheza. Usiku wake niliipakua albamu ile kwenye simu, na asubuhi nikapanda Coaster pale stendi ya Kange, nikavaa hedifoni, gari lilipoondoka nikaanza wimbo wa kwanza. Albamu yote ni dakika 43 hivi. Tulipokuwa maeneo ya Pongwe ulianza wimbo wa saba, *Seaside Rendezvous*, na katikati yake nikasikia tarumbeta na filimbi, kisha kishindo cha viatu vya mtu anayecheza juu ya sakafu ya mbao. Niliamini kabisa kwamba wameitwa wapulizaji. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Mercury na Taylor waliziigiza ala zile kwa midomo yao, na vile viatu ni subana, zile subana za kushonea ambazo fundi yeyote wa Ngamiani anazo kwenye kopo la sindano, walizozivaa vidoleni na kuzigonga. Huo wimbo haumo kwenye mkusanyiko. Kati ya nyimbo 12 za albamu ile, mkusanyiko umechukua 2 tu.

Mara baada ya hapo ukaingia *The Prophet's Song*, ambao unapita dakika nane. Katikati yake vyombo vyote vinanyamaza, anabaki Mercury peke yake, sauti yake inarudishwa kwa kuchelewa kidogo na yeye anaimba juu ya mwangwi wake mwenyewe, hadi mtu mmoja anakuwa kundi zima la waimbaji. Wimbo huo haukatiki. Unayeyuka taratibu ukawa *Love of My Life*, wimbo wa piano na kinubi. Baada yake linakuja *Good Company* la Brian May, ambamo mnasikia bendi nzima ya jazi ya kizamani ya Marekani, tarumbeta, tromboni na klarineti, na yote ni gitaa. Gitaa lenyewe May alilichonga na baba yake nyumbani, kwa mbao za fremu ya meko ya zamani na springi za injini ya pikipiki kuukuu, na hapo akalipitisha kwenye amplifaya ndogo ambayo Deacon aliiunda kwa vifaa alivyoviokota kwenye taka. Nawaomba mafundi redio wa mji huu waisikilize sehemu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapo tu, ukiwa umeshapita nyimbo kumi, ndipo inapokuja *Bohemian Rhapsody*, na hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Mtu aliyeanza mwanzo haioni ngeni. Hasira ameshazikutana nazo kwenye wimbo wa kwanza, mchezo wa jukwaani kwenye wa saba, sauti zilizorundikwa kwenye wa nane, huzuni ya piano kwenye wa tisa. Wimbo huu wa dakika tano na sekunde 55 unazikusanya zote ambazo sikio lake limeshafundishwa. Kwenye mkusanyiko ndio wimbo wa kwanza kabisa, unamwangukia mgeni bila salamu. Nilimwekea binamu yangu hivyo, na ilipofika ile sehemu ya katikati ya kuimba kama opera, alicheka, akaniuliza kama hawa watu wanafanya utani. Sikumlaumu hata kidogo. Nilikuwa nimemvusha mlango nikamtupa moja kwa moja uani.

Msiniambie kwamba vijana wa hapa hawana subira ya kukaa na muziki mrefu. Sisi ni watu wa mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, tumekulia kwenye taarabu ya ukumbini, ambako ala hutangulia peke yake, unafuata ubeti, kiitikio, ala tena, na wimbo ukafika dakika kumi na kupita bila mtu kuangalia saa. Kijana aliyemsubiri mwimbaji arudi kwenye ubeti wa tatu ana sikio lililo tayari kwa *The Prophet's Song* kuliko kijana wa miji mingi ya Ulaya.

Kuhusu Wembley: ni dakika 21 hivi za ajabu, lakini pale *Bohemian Rhapsody* iliimbwa sehemu ya mwanzo tu, ikakatwa, wakaingia wimbo mwingine. Ni zawadi kwa mtu anayeijua tayari. Na kuhusu kuzaliwa kwa Mercury Unguja, ni jambo la kujivunia, ila alipelekwa shule India akiwa mtoto na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Sijausikia Unguja kwenye nyimbo hizi, na sipendi mgeni aingie akiutafuta.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa Ngamiani

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na nimefurahi kuona kijana anaupigania muziki kwa bidii namna hii. Lakini umesahau sisi wazee wako tuliingiaje. Nilipoipenda Atomic Jazz, na baadaye Jamhuri Jazz, bendi za dansi za hapa hapa Tanga, hakuna aliyeniwekea albamu. Santuri za wakati ule zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo mrefu ulikatwa katikati: unausikiliza hadi unaishia, unanyanyua sindano, unageuza santuri, ndipo unapata sehemu ya pili, ambako ndiko magitaa yalikokuwa yakichanganya na watu wakainuka. Tulizijua bendi kwa wimbo mmoja mmoja, miezi ikipita kati ya santuri na santuri, na mapenzi yetu hayakupungua kwa hilo. Kila wimbo tuliukariri hadi mkwaruzo wa sindano ulipo.

Isitoshe, Waingereza wenyewe hawakuisikia *Bohemian Rhapsody* kwa utaratibu unaouelekeza. Ilitoka kama santuri ndogo tarehe 31 Oktoba 1975, na albamu ikaifuata mwezi wa Novemba. Santuri hiyo ndogo ilikaa wiki tisa kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya Uingereza, na waliokuwa wa kwanza kuinunua walikuwa hawajausikia huo wimbo wako wa subana wala huo wa mwangwi. Kama wao uliwaangukia bila salamu wakaupenda, kwa nini kijana wa Tanga atengenezewe njia ya dakika 43 kabla ya kuruhusiwa kuufikia? Naona unamlinda mtu asiyehitaji kulindwa. Binamu yako alicheka, sawa, lakini je, ulimwekea mara ya pili?

Mchangiaji wa Makorora

Kaka, mimi nina mambo mawili mafupi. La kwanza, wengi wetu tunasikiliza kwa bando la siku, na albamu nzima inalimaliza kabla hatujajua kama tumeipenda. Wimbo mmoja mmoja ni uwezo wetu, si uvivu. La pili, niliupiga wimbo huo nyumbani, mama akasikia neno Bismillah katikati ya makelele, akaniambia nizime. Sikuwa na jibu la kumpa. Ukiwaalika watu Jumamosi, ujiandae kwa swali hilo, maana litaulizwa.

Mleta mada, Chumbageni, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya santuri ndogo imenikalisha kitako siku mbili, na ile ya Waingereza siwezi kuipinga, kwa sababu tarehe ni tarehe. Wimbo ulitangulia albamu, na watu waliupokea. Naomba tu niongeze kitu ambacho wewe, kwa kuwa umezigeuza santuri kwa mkono wako, utakielewa kuliko mimi. Santuri ile nayo ilikuwa na upande wa pili, na upande huo ulikuwa *I'm in Love with My Car*, wimbo wa mpiga ngoma Roger Taylor, ambao ameuimba mwenyewe kwa sauti yake ya kukwaruza. Mwingereza aliyeinunua santuri hiyo mwaka 1975 alimpata Mercury upande mmoja na Taylor upande mwingine. Kijana anayeanza leo na mkusanyiko wa nyimbo 17 hampati Taylor mwandishi hata mara moja. Kwa hiyo santuri yako ndogo, mzee, ilimwonyesha mgeni sura ya bendi kuliko mkusanyiko mzima, na mimi nilikuwa nimeziweka kapu moja, jambo ambalo halikuwa haki. Kinachonisumbua ni nyimbo kung'olewa mahali pake na kupangwa upya kwa kigezo cha kuvuma peke yake. Wimbo kuwa mmoja haunisumbui.

Binamu yangu sikumwekea mara ya pili. Nilikasirika, nikazima, na ulipouliza niliona haya.

Dada yangu wa Makorora, kuhusu bando unasema kweli, na niliandika kama mtu anayedhani kila mmoja anacho nilichonacho. Nitaipakua mimi, tutaisikiliza kwenye spika bila intaneti, na anayetaka kuibeba nitamhamishia kwenye simu yake palepale barazani. Kuhusu neno Bismillah, nadhani mama alistahili jibu, na jibu ninalolijua ni hili: sehemu ile ya wimbo ni mabishano ya sauti, kundi moja likitaka mtu aachiwe na jingine likikataa, na neno linatumika hapo kama kauli ya kukataa kwa nguvu. Familia ya Mercury ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, na sijasoma popote kwamba alikusudia kejeli. Hata hivyo, neno lina uzito wake katika nyumba zetu, na mtu akisema halimkalii vizuri kulisikia katika wimbo, namheshimu. Nitalitaja kabla ya kuanza, ili anayetaka kutoka atoke bila kushtukizwa.

Basi nimebadilisha mpango, ingawa si wote. Jumamosi tutaanza na zile pande mbili za santuri ya mwaka 1975: kwanza *Bohemian Rhapsody*, halafu kimya kidogo, kama muda wa kunyanyua sindano na kugeuza, kisha wimbo wa Taylor. Watu wacheke wakitaka kucheka. Baada ya hapo tutarudi kwenye wimbo wa kwanza wa albamu na kwenda nayo yote hadi wimbo wa taifa wa Uingereza ambao May ameupiga kwa magitaa mwishoni, kwa hiyo wimbo ule mkubwa tutausikia mara mbili jioni moja, kabla na baada. Nataka kuona kama mara ya pili nyuso zitakuwa zilezile. Binamu yangu amekubali kuja. Na wewe, mzee wangu, kama miguu inakuruhusu kufika Chumbageni, tafadhali njoo na santuri moja ya Atomic Jazz iliyokatwa katikati. Mashine ya kuichezea tunayo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuigeuza.