Kumpa mtoto chapati ni kosa, kumwacha alale barazani si kosa la mtu?

Wakubwa habari zenu. Leo sina salamu ndefu, nimechoka.

Nachoma chapati pembeni ya Kisenyi hapa Kampala. Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha sigiri, inabidi niwaamshe watoto wanne watano waliolala barazani juu ya maboksi. Mdogo wao meno ya mbele hayajaota yote. Kwenye mkono wa shati kaficha kitambaa kilicholowa mafuta ya ndege, wanayoyanusa ili walewe, akifungua mdomo ananuka kama jenereta. Nikimpa chapati anakula nusu, nusu anaifunga kwenye nailoni. "Ya dada." Huyo dada kutwa nzima yuko kwenye taa za trafiki, kiganja juu, na ng'ambo ya barabara kuna mtu mzima anayehesabu sarafu.

Sasa sikieni. Mwaka 2019 jiji lilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto: ukimpa mtoto wa mtaani pesa au chakula, faini 40,000 au jela hadi miezi 6. Hoja yao naielewa, sarafu zetu ndizo zinamnenepesha yule wa ng'ambo. Basi mkamateni yeye! Sheria hiyo hiyo inamgusa, lakini mimi kwa macho yangu wanaopandishwa lori ni watoto tu. Wanapelekwa Kampiringisa kule Mpigi, mahali palipowekwa kwa watoto waliovunja sheria, au wanarudishwa kwao Napak, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Wiki chache hazipiti, sura zile zile ziko barazani kwangu.

Warudi wakale nini? Karamoja ng'ombe wameibwa, mvua haitabiriki, mwaka 2022 watu walikufa njaa. Halafu mabati yaliyokusudiwa watu wa huko yakaishia kwa wakubwa, hadi waziri wa Karamoja akafikishwa mahakamani Aprili 2023. Kesi ni kesi, siingilii. Ila mtoto aliyetakiwa kulala chini ya bati lile analala kwangu.

Mtaniambia serikali ina mipango. Ipo. SAGE inampa mzee shilingi 25,000 kwa mwezi, akifika miaka 80. Bibi wa miaka 62 anayelea wajukuu watano asubiri. Na mjukuu mwenyewe? Naye asubiri afike 80? Piga hesabu: faini ya kumlisha mtoto imezidi msaada wa mzee wa mwezi mzima! Parish Development Model nayo, mpango unaopitia parishi, yaani eneo dogo la utawala, inatoa milioni moja kwa kaya, mkopo wa kuanzisha mradi. Sawa, lakini mama anayelipia mkeka kwa usiku mmoja pale Katwe, yeye ni kaya ya parishi ipi?

Shule ya msingi ni bure tangu 1997, najua, wanangu wamepita huko. Bure yenyewe ina sare, madaftari na michango, na Sheria ya Elimu ya 2008 inasema chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi. Mtaani angalau kuna chapati.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi iliyopita. Yule mdogo aliamka anatetemeka, mguu umevimba, usaha unatoka. Nikafunga biashara, nikambeba kwa boda hadi ofisi moja inayohusika na watoto. Mlinzi akasema rudi Jumatatu. Nikaenda kituo cha pili: leta barua ya mwenyekiti wa mtaa anakotoka mtoto. Anakotoka! Ni mwendo wa siku nzima kwa basi! Mwishowe nikalipa kliniki mwenyewe, 35,000, wakamsafisha na kumchoma sindano. Jumatatu niliporudi ile ofisi ya kwanza nikaulizwa, "Wewe ni nani wake?"

Sasa naomba jibu, na si la siasa. Hapa Kampala, ofisi gani ya serikali inapokea mtoto mgonjwa siku ya Jumamosi? Anayeijua aandike hapa, nami niibandike pale kwenye banda langu.