Naombeni ushauri: bachata ya Prince Royce na Shakira imetushinda

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wapiga gitaa na wapiga ngoma. Tuna kabendi ketu ka watu watano, kazi zetu ni maharusi tu, sasa kuna bibi harusi katuomba tumpigie Deja Vu, ile bachata (muziki wa gitaa wa Wadominika) ya 2017 ya Prince Royce na Shakira, eti ndo wimbo wao. Tukakubali haraka haraka na advansi tushakula. Zimebaki wiki tatu.

Shida ni kwamba sisi tumezoea rumba na zouk. Kwenye bachata gitaa linadonoa nota moja moja mbio mbio, nikitumia piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) nachelewa, nikitumia vidole sauti inamezwa na besi. Nimeweka kapo (kile kibanio cha shingo ya gitaa), nimepunguza spidi ya wimbo mpaka 75%, hapo naenda vizuri tu, nikirudi spidi yenyewe vidole vinagongana.

Halafu kuna güira, lile kopo la bati la Wadominika linalokwaruzwa. Hatuna. Kayamba tumejaribu, wapi. Juzi mpiga drams wetu kachukua kile cha kukwaruzia karoti jikoni kwao na uma, aisee ilikaribia kabisa, ila kwenye maiki inatoboa masikio. Bongo tunazo (zile ngoma mbili, sio mji).

Sasa wakuu, hizo nota za mbio mnapiga kwa piki au vidole? Na badala ya güira nitafute nini, au tukomae tu na haihati (yale matoazi mawili ya kwenye drams)?