MJADALA: Makumbusho ya Wayahudi, lazima anayesimulia awe Myahudi?

Mwanafunzi_Berlin
Heshima kwenu wakuu. Nipo Berlin, nasoma ile kozi ya lugha wanayopewa wageni. Juzi darasa zima tulipelekwa Makumbusho ya Wayahudi, jengo la Libeskind lililofunguliwa 2001. Tupo Wasyria, Waeritrea, Waukraine, Mtanzania ni mimi tu. Kuna ukumbi sakafu yake imejaa nyuso za chuma, zaidi ya 10,000, kazi ya msanii Kadishman, na mgeni anaruhusiwa kupita juu yake. Ukikanyaga, chuma kinagongana chini ya kiatu na mlio unapanda mpaka darini. Wengi tulisita. Mama mmoja wa Aleppo akagoma kabisa, akamgeukia dada aliyekuwa anatutembeza: "Kwani wewe mwenyewe ni Myahudi?" Dada akamjibu taratibu: "Nikikuambia ndiyo au hapana, utanisikiliza tofauti?" Basi, mpaka ndani ya treni watu wanabishana.

Swali langu: anayesimulia ni lazima awe mwenye historia? Na wageni wakibadilika, kama darasa letu, simulizi nayo ibadilike? Karibuni. Matusi hapana.

Mzalendo_Ilala
Jibu fupi: lazima. Msiba ni wako, halafu jirani ndiye awaeleze wageni marehemu alikuwa nani? Hata hapohapo Berlin si walimfukuza mkurugenzi Mjerumani kwa kuwa si Myahudi?

KalamuNyeusi
Mkuu, hakufukuzwa, na sababu haikuwa hiyo. Peter Schäfer kweli si Myahudi, ila ni profesa wa masomo ya Kiyahudi, kafundisha Princeton miaka. Alijiuzulu Juni 2019. Akaunti ya makumbusho ilisambaza Twitter makala ya gazeti la taz kuhusu wasomi 240 wa Kiyahudi na Kiisraeli waliopinga azimio la Bunge la Ujerumani dhidi ya BDS, ile kampeni ya kuisusia Israel. Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani likawaka, mwenyekiti wake Schuster akahoji kama jina "ya Kiyahudi" bado linawafaa. Kabla ya hapo kulikuwa na maonyesho kuhusu Jerusalem ambayo Netanyahu hakuyapenda hata kidogo. Yalirundikana.

Mzalendo_Ilala
Na aliyechukua kiti?

KalamuNyeusi
Hetty Berg, 2020, katokea makumbusho ya Wayahudi ya Amsterdam.

Mzalendo_Ilala
Myahudi?

KalamuNyeusi
Ndiyo.

Mzalendo_Ilala
Sasa nimekosea wapi? 😂

Rift_Valley_Finest
Mnakuza mambo. Mwongozaji ni kazi kama kazi nyingine, mtu anasoma, anafaulu, anaajiriwa. Mbona Fort Jesus, ngome ya Mombasa, watu wa bara wanatembeza wageni na hakuna aliyekufa?

BintiMjiWaKale
Ati hakuna aliyekufa. Ndugu yangu, hilo neno ungelimeza lingekukaa vizuri tumboni. Sisi tumezaliwa tukiiona ile ngome kila tukifungua dirisha. Babu zetu wamevua samaki chini ya zile kuta. Leo aje mtu aliyeiona bahari akiwa na miaka ishirini, anieleze mimi Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ni nani?

Rift_Valley_Finest
Dada, kwanza ngome yenyewe ni ya Wareno. Walianza kuijenga 1593. Mbona unaidai?

BintiMjiWaKale
Na 1698 wakatolewa na Waomani. Akaja Mwingereza akaifanya jela mpaka 1958. Wote hao wamekuja, wamekwenda. Nani kabaki? Wewe endelea na mahindi yako.

Rift_Valley_Finest
Sasa mahindi yameingiaje? Haya ndiyo mambo yenu. Mtu akigusa kitu cha pwani mnakuwa wote wenye hati miliki.

SharifuWaLamu
Hati miliki tunayo, tena tuliandika kwa wino kabla kwenu hakujafika kalamu.

Msimamizi
Mada ni makumbusho ya Wayahudi. Machapisho ya mahindi nimeyafuta tisa. Ya samaki nimeyaacha, yana historia.

KalamuNyeusi
Asante msimamizi. Nirudishe gari barabarani. Mzalendo, wewe unayesema lazima, nenda Casablanca. Kuna makumbusho ya Wayahudi tangu 1997, ndani ya jengo lililokuwa kituo cha watoto yatima wa Kiyahudi. Mwanzilishi, Simon Lévy, Myahudi wa Morocco. Mhifadhi wake kwa miaka mingi ni Zhor Rehihil, mwanamke Mwislamu. Wayahudi wa Morocco waliozidi laki mbili katikati ya karne iliyopita sasa wamebaki elfu chache. Ungesubiri Myahudi tu ndiye afungue mlango, pengine ungekuta kufuli. Na wanaoingia wengi ni Wamorocco Waislamu, vijana ambao hawajawahi kuwa na jirani Myahudi. Simulizi pale inaanza na jirani aliyehama, siyo na Hitler.

SharifuWaLamu
Hapo umesema. Lakini aliyeanzisha alikuwa mwenyewe. Alimkabidhi ufunguo kwa hiari. Ni tofauti na kupangiwa mtu kutoka makao makuu.

Rift_Valley_Finest
Sharifu bado yuko Fort Jesus 😂😂

Umutesi_wa_Remera
Mimi ni wa Kigali, Kiswahili changu mtanisamehe. Ukumbusho wetu wa mauaji ya kimbari, pale Gisozi, ulifunguliwa 2004. Mnajua waliosaidia kuujenga ni nani? Aegis Trust, ya ndugu wawili Waingereza, James na Stephen Smith. Hao 1995 walikuwa wamefungua kituo cha kumbukumbu ya Holocaust, yale mauaji ya Wayahudi enzi za Hitler, kule Nottinghamshire, na wao si Wayahudi, ni familia ya Kikristo. Kwa hiyo Wakristo wa Uingereza wamewakumbuka Wayahudi, halafu wakaja kutusaidia kuwakumbuka wetu, zaidi ya 250,000 waliozikwa pale. Sijawahi kusikia nyumbani mtu analalamika kwamba si Watutsi. Tunachosikia kingine: watoto wa shule wanaoletwa sasa wote wamezaliwa baada ya 1994. Ukiwaambia "mnakumbuka", hawakumbuki kitu. Unaanza kuwaeleza kizuizi cha barabarani kilikuwa nini, kitambulisho cha ukabila kilikuwa nini. Miaka ya mwanzo, aliyeingia mlangoni hakuhitaji kuelezwa.

KalamuNyeusi
Umutesi, na huyo Stephen baadaye aliongoza Shoah Foundation, taasisi ya kurekodi ushuhuda wa manusura, huko Marekani, wakatengeneza mahojiano ya manusura ambayo unauliza swali na picha inakujibu. Illinois, kwenye makumbusho ya Holocaust ya Skokie, wameweka ukumbi kabisa. Manusura wanaondoka duniani, ndiyo maana.

Mzalendo_Ilala
Kwa hiyo hata mashine inaruhusiwa kusimulia, mradi ni ya Myahudi. Hoja yangu inazidi kunona.

Mwanafunzi_Berlin
Jamani, kuna kitu nimesimuliwa na mwalimu wetu nikakisoma zaidi. 2013 hapa Berlin waliweka maonyesho ya maswali ambayo watu huona haya kuwauliza Wayahudi. Katikati wakaweka sanduku la kioo lililo wazi upande mmoja, ndani benchi, na karibu kila siku Myahudi mmoja anakaa humo saa mbili hivi. Unamsogelea, unauliza.

Zuhura_Jikoni
Astaghfirullah. Mtu ndani ya kioo?

BintiMjiWaKale
Ujerumani. Sanduku. Myahudi. Hakuna aliyewashika mkono akawaambia subirini kwanza?

Mwanafunzi_Berlin
Walilaumiwa sana, na baadhi ya Wayahudi wenyewe waliona ni fedheha. Wengine walijitolea kukaa, tena kwa utani mwingi. Hoja yao ni kwamba ukiwa Myahudi Ujerumani, tayari unaishi ndani ya kioo: ukisema tu wewe ni Myahudi, chakula kinasimama mdomoni mwa mwenzio. Afadhali akuulize.

Zuhura_Jikoni
Hiyo naijua. Mimi nipo Bremen, kila harusi naulizwa nywele. Wakinipa sanduku na posho nakaa.

Rift_Valley_Finest
Ukipewa sanduku niite nikuongoze wageni. Au hadi niwe wa pwani?

BintiMjiWaKale
Wewe ndiye utawekwa ndani.

Mjomba_Queens
Nimesoma kurasa zote, nacheka. Mnabishana kuhusu dini ya mwongozaji, hakuna aliyeuliza analipwa ngapi. New York, Jewish Museum ipo tangu 1904. 2022 wafanyakazi wake walipiga kura kuingia chama cha wafanyakazi. Walitaka mkataba na mshahara wa kueleweka. Wamo Wayahudi, wamo wasio Wayahudi, kodi ya nyumba haibagui. Na Mzalendo, Brussels tarehe 24 Mei 2014 mtu aliingia makumbusho ya Wayahudi na bunduki, akaua wanne, wakiwemo waliokuwa kazini pale. Hakusimama mlangoni kuuliza nani Myahudi nani si Myahudi. Anayekaa pale mapokezi amebeba hatari yote ya jina lililoandikwa ukutani. Halafu wewe wa Ilala unamwambia historia haimhusu?

Mzalendo_Ilala
Mjomba, mbona umenipanda kichwani? Sijamtukana mfanyakazi yeyote.

Mjomba_Queens
Umesema jirani asisimulie. Jirani huyo ndiye aliyekaa mlangoni.

Mzalendo_Ilala
Haya. Huo mshahara wa kueleweka ni kiasi gani kwa saa?

Mwanafunzi_Berlin
Mkuu na swali langu?

Mzalendo_Ilala
Nalifikiria. Huku nalifikiria, nitumie fomu ya maombi. Kijerumani nitajifunza nikifika.

BintiMjiWaKale
Si ulisema lazima awe Myahudi?

Mzalendo_Ilala
Anayesimulia, dada. Mimi naomba ulinzi wa getini.