Zinki inaisha haraka tangu boti ichomekwe umeme wa gatini: nikate waya wa ethi?

mkuku22:
Habari zenu mafundi. Boti ni ya faiba, mita 11, propela ya bronzi, shafti ya chuma cha pua, valvu za chini ya maji ni bronzi, na vyote vimeungwa kwenye ethi ya boti. Zinki ya shafti, kile kipande kinachoachwa kiliwe badala ya vyuma vingine, ilikuwa inakaa miezi kumi. Tangu kebo ya gatini ibaki imechomekwa usiku na mchana kwa ajili ya chaja ya betri, zinki mpya inatafunwa ndani ya wiki sita. Nimeshauriwa nikate waya wa ethi, ule wa kijani na njano, pale kwenye soketi ya boti. Ni sahihi? Na kama sivyo, nifunge kitenganishi cha galvaniki au transfoma?

fundi_ethi:
Usikate, tafadhali. Zinki itapona kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi la chaja au hita ya maji, waya ule ndio unaorudisha mkondo haraka hadi breka ianguke. Ukiwa umekatwa, kila chuma kilichoungwa na ethi ya boti, propela ikiwemo, kinakaa na volti 230, na umeme unarudi gatini kwa kupitia majini. Kwenye maji ya ziwa au mto ni hatari zaidi, maana mwili wa mtu una chumvi na unapitisha umeme vizuri kuliko maji yanayouzunguka. Misuli ya anayeogelea karibu inakakamaa na anazama bila hata alama ya kuungua.

Sasa, kwa nini zinki inaliwa. Boti yako na ya jirani mmechomeka kwenye nguzo moja ya umeme, kwa hiyo waya wa ethi umeunganisha vyuma vyenu vyote vya chini ya maji. Maji ya bahari yanakamilisha mzunguko, na hapo mmetengeneza betri moja kubwa. Zinki ipo karibu −1.03 V ukipima kwa elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, bronzi ipo karibu −0.3. Jirani asiye na zinki, au gati lenye nguzo za chuma, linalindwa na zinki yako. Yako ikiisha, zamu ni ya propela na valvu.

Kitenganishi kinakata betri hiyo bila kukata ethi. Ndani yake mna dayodi mbili mfululizo kuelekea upande mmoja na mbili kuelekea upande wa pili. Jozi moja haifunguki mpaka ipate kama volti 1.2, na tofauti ya zinki na bronzi ni kama 0.7 tu, kwa hiyo mkondo mnyoofu (DC) wa galvaniki unakwama. Hitilafu ya 230 V inapita bila shida. Chagua chenye kapasita ndani, kwa sababu uvujaji mdogo wa mkondo geu (AC), ule wa vichujio vya chaja na vifaa vingine, unaweza kuzifungua dayodi na mkondo mnyoofu ukapita nao. Uwezo wake usiwe chini ya breka ya gati: nguzo ya ampea 16 au 32, kitenganishi kiwe hivyo au zaidi. Kifungwe kwenye waya wa ethi mara tu unapoingia botini, kabla haujagusa chuma chochote.

Transfoma ndiyo dawa kamili, maana waya wa ethi wa gatini unaishia kwenye ngao yake na hauingii botini. Ila ni nzito, inataka mahali penye hewa, na inapowashwa inavuta mkondo mkubwa unaoweza kuangusha breka ya gati. Kwa boti ya alumini ningeenda moja kwa moja kwenye transfoma. Kwa faiba, kitenganishi kinatosha, ila pima kwanza.

ngama_kavu:
Naongezea kuhusu kupima, kwa sababu wengi wanafunga kitenganishi wakati ugonjwa ni mwingine.

Tumbukiza elektrodi ya rejeo, ile ya fedha na kloridi ya fedha, majini kando ya boti. Waya mweusi wa multimita uende kwenye elektrodi, mwekundu kwenye baa ya ethi ya boti, mita iwe kwenye volti za mkondo mnyoofu. Chomoa kebo ya gatini. Kwa zinki nzima utasoma kama −0.9 hivi. Chomeka tena. Ikipanda hadi −0.65, mnalishana na majirani. Isipobadilika, acha kebo imechomolewa na uwashe kifaa kimoja kimoja cha betri: pampu ya ngama (chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika), taa, redio. Kimoja kikiifanya mita iruke kuelekea chanya, huo ni mkondo potevu wa betri, mara nyingi kiungo cha waya kilicholowa ndani ya ngama. Huo unakula valvu kwa siku, si kwa miezi, na kitenganishi hakiuzuii, maana hautoki gatini.

Pia zungusha kipimo cha klampu kwenye kebo nzima ya gatini, waya zote tatu pamoja. Isomeke sifuri. Kikionyesha miliampea, kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, kwa kawaida majini. Hapo tafuta mahali nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi zilipoungwa botini. Zinaungwa kwenye chanzo tu: gatini, au kwenye jenereta au inveta wakati yenyewe ndiyo inatoa umeme. Inveta yenye relei mbovu huziacha zimeungana hata ukiwa umechomeka.

mkuku22:
Asanteni sana. Nimepima: −0.94 kebo ikiwa nje, −0.68 ikiwa ndani, klampu sifuri. Je, kitenganishi kikishafungwa, kinaweza kufa bila kujulikana?

fundi_ethi:
Basi ni majirani. Ndiyo, kinaweza. Chomoa kebo gatini, subiri kapasita itoe chaji, kisha pima kitenganishi multimita ikiwa kwenye alama ya dayodi, pande zote mbili. Kama 0.9 V pande zote ni kizima. Kapasita ikiwepo namba itapanda taratibu hadi hapo. Sifuri maana yake dayodi imeungana, zinki zitaliwa tena. Mita ikionyesha OL, yaani njia imekatika, usichomeke kebo kabisa, kwa sababu boti haina ethi.

ngama_kavu:
Na angalia njia za pembeni. Ngazi ya chuma kutoka gatini, mnyororo unaogusa nguzo ya chuma, au kebo ya pili kwa boti ya jirani vinakipita kitenganishi kana kwamba hakipo. Zinki ya shafti usiipake rangi, ibadilishe ikifika nusu, na hakikisha kati ya shafti na baa ya ethi ni chini ya omu 1. Kiunganishi cha mpira kwenye gia hukata njia hiyo, kwa hiyo shafti inahitaji brashi yake.