Mama mdogo anasema haumwi: nimshawishije apimwe saratani ya mlango wa kizazi?

Nyamizi:
Ndugu zangu, ndani ya mwaka mmoja na nusu tumezika wanawake watatu mtaani kwetu, na katika misiba yote wasifu wa marehemu ulisomwa kwa maneno yaleyale, kwamba aliugua kwa muda mrefu, ilhali sisi tuliofua mashuka yao tulijua kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi. Wa mwisho alikuwa dada yangu. Alianza kwa kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, akaandikiwa dawa za UTI mara nne katika zahanati moja bila kuchunguzwa, na alipopewa rufaa ugonjwa ulikuwa hatua ya tatu. Sasa mama yangu mdogo, mwenye miaka 46, nikimsihi akapime hunijibu, "Mimi siumwi, nikapimwe nini?" Nimwambie nini?

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa:
Pole sana kwa msiba, dada. Jibu hilo tunalisikia kila siku kliniki, na shida yake ni kwamba kipimo hiki kimewekwa kwa ajili ya wasioumwa. Tangu kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hii, kiingie mwilini hadi saratani itokee, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, na kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa huweza kuwa 5 hadi 10. Muda huo wote mlango wa kizazi unabadilika polepole, wala mwanamke hasikii maumivu. Mweleze kinachofanyika, kwa kuwa wengi huogopa wasichokijua. Atalala kitandani, atawekewa kifaa cha kupanua uke, kisha mlango wa kizazi utapakwa siki nyepesi kwa pamba (ndiyo, ni ndugu wa siki ya kachumbari) na tutasubiri kama dakika moja. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na ikiwa ni ndogo hugandishwa au huchomwa kwa joto siku hiyohiyo, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Baba Neema:
Nakubaliana na muuguzi, ila tusiwabebeshe wanawake lawama zote. Mke wangu alichelewa kwa sababu yangu: aliponiambia anataka kwenda, swali langu la kwanza lilikuwa kama mpimaji ni mwanamume, naye akanyamaza miezi minane. Binti yetu alichanjwa shuleni, kwa chanjo ya HPV iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, nami nikajiona nimemaliza kazi, kana kwamba chanjo ya mtoto humkinga mama. Tena ukichelewa, mionzi hupatikana katika hospitali chache, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, na matibabu huchukua wiki kadhaa. Muuza dagaa atamwachia nani genge lake kwa muda huo?

Nyamizi:
Nawashukuru sana. Jana nilimsomea mama mdogo maelezo ya muuguzi, akacheka nilipofika kwenye kachumbari, kisha naye akauliza kama mpimaji ni mwanamke. Amekubali twende Alhamisi, kwa sharti kwamba nitangulie mimi kulala kwenye kile kitanda. Nina miaka 38 na sijawahi kupimwa hata mara moja; hilo yeye aliliona kabla yangu.